Qaf Iko Malishoni

Aliyeupa mfumo wa kuuza mazao jina la "stakabadhi ghalani" hakuwa mtu wa kijijini kwetu Likawage, na kama alikuwa, basi alikuwa na kisasi na sisi. Sheria yenyewe ilipitishwa 2005, korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa hivyo 2007, baadaye ikaja zamu ya ufuta. Tangu hapo mkulima wa huku hapati hela yake mpaka atamke dh moja na gh moja, tena zikifuatana, mbele ya karani mwenye haraka, jua la utosi na gunia begani. Wangindo na Wamatumbi hatukunyonya sauti hizo. Si kwamba lugha za mama zetu ni maskini. Kimatumbi kina irabu saba pale ambapo Kiswahili kinajikokota na tano. Ila dh, th, kh na gh hazimo. Basi ghalani ikawa "galani", stakabadhi ikawa "stakabazi", na ufuta ukapimwa vilevile.

Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kwa sababu hiyo kijiji kimenipa cheo kisicho na posho: msomaji wa matangazo. Bei ya mnada ikitoka naitwa. Barua ya wilayani ikija naitwa. "Mwiteni Mwalimu, ana matamshi," watu husema, kwa heshima ileile wanayosema fulani ana trekta.

Balaa huja siku ambayo niko shamba. Msimu mmoja kazi yangu alipewa kijana mmoja mchangamfu, akatangaza kwa sauti ya kipaza kuwa samani ya ufuta imepanda, kisha akaiandika hivyohivyo ubaoni kwa chaki ya bluu. Wakulima walishangilia, maana walimwelewa vizuri kabisa. Lakini siku hiyo alikuwapo mgeni aliyetumwa kukagua vyama vya mazao, mtu makini, akanakili alichokiona. Baada ya muda ikaja barua yenye mhuri ikitaka orodha ya samani zote za chama, pamoja na maelezo ya kwa nini zimepanda. Mwenyekiti alikuna kichwa, akajibu: meza moja, mabenchi mawili, benchi moja lina mguu mbovu, na hakuna kilichopanda ila mchwa. Wakubwa wakaandika kushukuru kwa ushirikiano.

Sauti hizi, dh, th, kh na gh, wataalamu huziita vikwamizi. Kwenye p au k hewa huzibwa kabisa kisha huachiliwa ghafla, ndiyo maana zikaitwa vipasuo. Kwenye kikwamizi hewa huachiwa upenyo mwembamba tu, ipite kwa kusuguana na kuta zake. Kwa th na dh upenyo huo uko kati ya ncha ya ulimi na meno ya juu. Kwa kh na gh ni mgongo wa ulimi unaoinuka hadi karibu na kaakaa laini. Kinachotenganisha kh na gh ni nyuzi za sauti: kwenye gh zinatetema, kwenye kh zimetulia. Weka vidole kooni utaona. Sauti zinazotetemesha nyuzi hizo zinaitwa ghuna, na hapo nawalaumu wanaisimu wetu. Ili umweleze mtoto wa Likawage gh ni sauti ya namna gani, umpe kwanza neno linaloanza na gh? Darasani kwangu tuliziita "zile zinazonguruma", tukaelewana.

Kundi pekee nililowahi kulipa alama zote za th ni darasa la kwanza, wale wenye mapengo ya mbele. Hao husema "thamani" na "thelathini" utadhani wamelelewa Unguja mjini. Taabu ni kwamba husema pia "thabuni", "thukari" na "thoda". Meno yakiota, th inaondoka pamoja na pengo, na mtoto anarudi kwenye samani za ukoo.

Ajali mbaya zaidi lakini hazisababishwi na wasioziweza. Zinasababishwa na waliojifunza jana. Mtu akishapata gh yake hukosa pa kuitia, akaitia kila mahali. Afisa mmoja alikuja kutuhutubia juu ya "dhana bora za kilimo". Wazee waliosoma kidogo wakakaa sawa kusubiri mawazo mapya, na alipofungua gunia yakatoka majembe. Na kwenye harusi moja mshereheshaji aliyeletwa kutoka Nangurukuru, mwenye miwani ya giza saa mbili usiku, alishika kipaza akatangaza: "Ghari ya bwana harusi imewasili!" R zetu na l zetu zina undugu wa karibu, kila mtu anajua. Mjomba wa bibi harusi akasimama na sahani ya pilau mkononi. "Nani kasema ghali? Mahari tulipatana, tukaandikiana!" Ilichukua muda kumkalisha, na alikaa bila kuridhika.

Tulio bara ya Kilwa hutaniwa sana na watu wa pwani kwa mambo haya, na mimi utani huo sijawahi kuukubali. Tuliangalie hilo neno stakabadhi. Limetoka katika shina moja na "kabidhi", na huko Uarabuni lina qaf katikati, ile k ya ndani inayopigwa kwa shina la ulimi huko nyuma karibu na kidakatonge, na mwisho wake lina dhad. Qaf iko wapi leo? Haipo. Waliidondosha haohao wazee wa pwani wenye kanzu na bakora, karne nyingi zilizopita, kwenye kahawa, kalamu na sadaka. Dhad nayo wakaitia chungu kimoja na herufi nyingine mbili, ndiyo maana dhahabu, adhuhuri na Ramadhani leo zina dh ileile, wakati Mwarabu anaziandika kwa herufi tatu mbalimbali. Wakadondosha vya kwao kimyakimya. Sisi tukidondosha kilichobaki tunachekwa. Na wala si wao tu. Cairo wanaipenda kahawa kuliko sisi, na qaf yake wameimeza, wanaita "ahwa". Ghuba wanasema "gahwa". Mfaransa wa Paris akitamka r yake inatoka hukohuko nyuma, jirani mlango kwa mlango na gh, kwa hiyo "ghalani" angeisema vizuri kutushinda. Ila dh hana, angesema "stakabazi" palepale na sisi. Mwingereza dh anayo, gh hana. Ukiwapanga foleni pamoja wangeuza gunia moja.

Pamoja na hoja zangu zote hizo, Ustadhi alipoanzisha darasa la watu wazima kuelekea Ramadhani nilijiandikisha. Ustadhi ni mtu wa Kivinje, mpole, kijiji kizima kinamwita "Ustazi" na ameshaacha kulalamika. Alitufundisha makhraj, yaani mahali kila herufi inapotokea. Koo, alisema, lina ghorofa tatu: chini kabisa hamza na ha, katikati ayn na ha nzito, juu ghayn na kha. Juu ya hapo ndipo ulimi unapoanza, na wa kwanza ni qaf. Elimu hii ni ya zamani. Al-Khalil bin Ahmad, ambaye asili yake hutajwa kuwa Oman, alipokuwa Basra katika karne ya 8 alipanga kamusi yake kwa kufuata koo, akianzia ndani na kupanda hadi midomoni, na kwa kuwa alianza na ayn kamusi ikaitwa kwa jina la herufi hiyo. Mwanafunzi wake Sibawayh akahesabu makhraj 16. Sibawayh alikuwa Mwajemi, jambo ambalo mimi linanifariji sana. Mwenye sauti zake tangu utotoni hana haja ya kuzihesabu.

Ustadhi alitutisha kwa mfano ambao kila madrasa unaujua. Ukisema qalb kwa qaf, ni moyo. Ukiteleza ukasema kalb, ni mbwa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa unyonge je, miaka yote hii amekuwa akiomba atakasiwe nini? Akajibiwa kuwa Mungu anajua nia. Darasa zima likashusha pumzi.

Njia ya kuipata herufi ni hii: itangulize hamza mbele, kisha uishie ghafla juu ya herufi yenyewe. Aq. Ak. Aq. Usiku ule baada ya chakula nikaketi uani, taa nimeipunguza, nikaanza. Aq! Aq! Aq! Sikujua kuwa Bibi wa jirani, ambaye macho yamepungua lakini masikio yameongezeka, alikuwa anajua pia tulichokula: nguru mkavu. Nilisikia komeo la mlango wake, kisha amri kutoka gizani.

"Mwalimu! Usiongee! Mwiba utazama!"

"Bibi, mimi nina—"

"Nimesema usiongee!"

Akaingia na bakuli la ugali wa muhogo uliopoa. Akamega tonge, akalibana kwa vidole vitatu mpaka likawa gumu, akalielekeza kinywani mwangu. "Meza. Bila kutafuna." Mtu aliyeniita Mwalimu miaka yote, na mimi nikimwamkia shikamoo kila asubuhi, ningemkataliaje? Nikameza. Tonge likapita kidakatonge taratibu, likifanya kazi yake yote njiani, machozi yakanitoka. Akayaona machozi, akafikiri mwiba umegoma, akamega la pili. Wanangu walikuwa wamesimama mlangoni na hakuna aliyeniokoa. Mkubwa alikuwa anauma kanga ya mama yake asicheke.

Kulipopambazuka Likawage nzima ilinipa pole. Mmoja akasema si mwiba, ni kimio kimeshuka. Kimio ndicho hichohicho kidakatonge, na watu wetu wengi bado wanaamini kuwa kikohozi kisichokoma dawa yake ni kukikata, jambo ambalo kila daktari analikemea kwa sababu ya damu na pepopunda. Jioni akaja mzee mmoja na mfuko mdogo wa ngozi, akaketi, akaomba nifungue kinywa aangalie tu. Nilimwambia nimepona. Akasema sauti yangu haisemi hivyo. Nikamsindikiza mpaka barabarani, na nikaenda kumweleza Ustadhi kuwa mimi qaf nitaiwekea nia, kama yule mzee wa nyuma.

Ustadhi alisikitika, maana hata watoto walikuwa wanamshinda. Darasa lao huwa baada ya alasiri, chini ya mwembe ulio karibu na kisima cha msikiti. Nilikaa nao siku hiyo. Watoto wakaimba "aq", ikatoka "ak", wakarudia, ikatoka "aki". Ndipo likapita kundi la ng'ombe.

Wafugaji walipoondolewa Ihefu, huko bonde la Usangu, 2006 na 2007, wengi walielekezwa kusini, na mkoa wa Lindi ukapokea ng'ombe wengi kuliko ulivyozoea. Kati ya wenye ng'ombe hao wako tunaowaita Wamang'ati. Wenyewe hujiita Wadatooga. Nisidanganye kwamba tunaishi nao kwa nyimbo. Ng'ombe hajui mpaka wa shamba la ufuta, na mwenye ufuta anaujua vizuri sana. Lakini lugha yao, iliyo ya jamii moja na Kimaasai na Kijaluo na isiyo na udugu wowote na Kiarabu, inatenga k na q tangu mtoto anapoanza kuongea. Kijana aliyekuwa nyuma ya kundi alimwita jike mmoja aliyekuwa anaelekea kisimani. Jina la ng'ombe sikulishika, ila katikati yake kulikuwa na qaf safi, ya ndani, iliyosimama mahali pake. Fimbo ya Ustadhi ikabaki hewani.

"Kijana! Hebu rudia!"

Kijana akasimama. "Nirudie nini?"

"Ulivyomwita huyo ng'ombe."

Kijana akatuangalia, mmoja baada ya mwingine, akaangalia mashamba, akaangalia ng'ombe. "Huyo si wangu," akasema haraka.

Ikabidi aapiwe kuwa hakuna faini. Alipoelewa kinachotakiwa alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe, kisha akasema q yake kwa watoto, akiwa na uvumilivu ambao Ustadhi alikuwa ameshaumaliza. Watoto wakamtazama kinywani. Msichana mmoja mdogo akaipata mara moja, akaogopa, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mambo ya malipo yalikuja baadaye kidogo. Kijana alitaka ng'ombe wanywe kisimani. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, akasema ng'ombe wote hawawezi. Wakavutana, wakafika mahali: ndama wanywe, wakubwa waende bondeni, na kijana afike mara mbili kwa wiki mpaka Ramadhani. Mwenyekiti akataka iandikwe, kwa hiyo nikaitwa, ingawa nilikuwa nimekaa palepale. Kijana akanitajia jina lake na la baba yake, nikayaandika, nikayasoma kwa sauti ili ashuhudie kabla ya kutia dole gumba.

Alisikiliza kwa makini. "Mzee," akasema, "huyo uliyemsoma mimi simjui. Labda ndiye aliyelisha ufuta wenu."