Upo Upo Tu

Kufanya kazi nyumbani kwa mtandao ni raha, asikudanganye mtu. Sigombanii tena mlango wa mwendokasi pale Kimara alfajiri. Nauli yote sasa inaingia kwenye bando, na chenji inamalizwa na Luku.

Mwajiri naye anafaidi, maskini. Umeme wangu, kiti changu, chai yangu, hata choo changu. Yeye katoa salamu tu: “Habari za asubuhi, timu!”

Mtaani wamekwishaamua kwamba nimefukuzwa kazi. “Baba Asha, kwa vile upo upo tu,” ananiambia mama mwenye nyumba, “nipokelee gunia langu la mkaa.” Napokea. Juu nina shati na tai, chini msuli.

Juzi kwenye kikao bosi kaniuliza habari za mauzo. Kabla sijafungua mdomo, jogoo wa jirani kajibu, kisha muuza samaki akataja bei. Nikakimbilia kuzima sauti. Kumbe nimezima picha.

Jana umeme ukakatika saa tisa. Nikashangilia kama mtoto aliyesikia kengele ya shule, nikajilaza. Bosi akapiga simu ya kawaida.