Mjomba Amekatazwa Keki

Mjomba wangu alianza kuchimba dhahabu Nyarugusu kabla mgodi mkubwa wa Geita haujaanza uzalishaji mwaka 2000, na tangu hapo hajaona kitu cha kumtisha. Duara, yaani shimo la wachimbaji, limewahi kumfukia hadi kifuani, akatoka anacheka. Aliyemtisha ni daktari wa kisukari. Alirudi kutoka kliniki ameshika karatasi: soda basi, keki basi, sembe apunguze, ale dona, mtama, karanga, na matunda kwa kiasi. Na hapo ilikuwa imebaki kidogo tu sendofu ya binti yake ifanyike Katoro. Wote tunajua kwamba baba wa binti asipolishwa keki mbele ya kamera, watu watasema shughuli ilikuwa na kasoro hadi mjukuu azaliwe.

Kamati ikakaa. Mmoja akasema mzee alishwe tikitimaji. Mwingine akasema firigisi. Mimi, mpwa niliyeitwa kutoka Shinyanga mjini kwa sifa moja tu, kwamba simu yangu haikosi bando, nikapendekeza kitindamlo cha matabaka ndani ya glasi. Chini uwele uliokaangwa na kutwangwa pamoja na karanga na tende. Juu yake viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa, vile vya rangi ya chungwa, Kabode au Mataya, ambavyo rangi yake mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kisha mtindi mzito, na juu kabisa nanasi la Geita. Hakuna sukari ya mezani wala unga mweupe.

Mkaza mjomba alinisikiliza hadi mwisho.

"Mayu," akasema, "karanga, viazi na mtindi si chakula cha bibi yako? Huko mjini mmeanza kukitia kwenye glasi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hilo ndilo hasa. Wasukuma walipika michembe ya viazi kwa karanga na kuishushia mtindi tangu zamani, na hakuna aliyewatoza kiingilio. Glasi ndiyo iliyoongezeka, pamoja na bei. Lakini glasi inapendeza kwenye video, kwa hiyo hoja ikapita. Mkaza mjomba alishauri tuongeze asali kwa wingi, maana "asali ni dawa." Nilimwambia asali inapandisha sukari ya mwili kama kawaida, na hata tende nimeziweka za kuhesabu. Akanitazama kama mtu aliyetukana ukoo wa nyuki.

Balaa lilianzia kwenye mtindi. Mtindi wa kununua huwa na maji mengi. Ukitaka usimame juu ya viazi bila kuzama, uufunge kwenye kitambaa safi, uutundike usiku kucha, maji yachuruzike. Niliutundika kwenye boriti ya jiko, chini nikaweka sufuria. Mjomba aliamka usiku kutafuta maji, akakuta kitambaa kimekazwa kwa kamba, kizito, kinadondosha tone moja moja. Sasa, mtu aliyekaa machimboni akiona kitambaa kilichokamuliwa hivyo anajua jambo moja tu: humo kuna dhahabu iliyoshikana na zebaki. (Zebaki hiyo nchi iliahidi kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mtindi mkataba haukuugusa.) Mzee hakuuliza mtu. Alifunga mlango kwa komeo, akawapigia wabia wake.

Alfajiri niliwakuta wanaume watatu jikoni, mmoja ana mizani. Walikibinya kitambaa kwa heshima zote. Maji ya mtindi yakamrukia mwenye mizani machoni. Akalamba mdomo, akafikiri.

"Maziwa," akatoa taarifa.

Waliondoka bila kuniaga, na nasikia hadi leo mmoja wao anaamini mzigo wenyewe tuliuhamisha.

Mjomba, kwa kutaka kufuta aibu, akajitolea kuosha uwele. Uwele wa sokoni hupurwa chini, kwa hiyo hauji peke yake. Huja na mchanga. Nilikuwa nimeomba ungo. Yeye akachukua karai, akachuchumaa, akatia maji, akaanza kulizungusha, kiganja kimoja kikiinua ukingo kidogo, kingine kikiugonga taratibu ili kilicho kizito kishuke. Pumba zikatangulia kutoka na maji. Alifanya kazi safi kuliko ungo wowote. Tatizo ni mazoea: machimboni chepesi humwagwa, kizito ndicho hubaki. Uwele ukaanza kumwagika uani, kuku wakashangilia, na mzee akabaki na mkia mweusi wa mchanga chini ya karai, ameuinamia, anaugeuza kwenye mwanga wa jua. Mkaza mjomba aliwahi na chujio, akaokoa uliobaki.

"Umeona kitu?" akamuuliza.

"Hapana," mzee akajibu, kwa masikitiko ya kweli.

Glasi za majaribio tulizipanga jioni na asubuhi zilikuwa chungu kama shubiri. Lawama zote zikamwangukia muuza mtindi, ambaye alitukanwa asubuhi hiyo bila kosa. Mkosaji alikuwa nanasi. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, na kazi yake ni kukatakata protini. Likikaa juu ya mtindi usiku kucha linaichambua protini ya maziwa, na vipande vinavyobaki vina uchungu. Papai bichi lina ndugu yake, papaini, ndiyo maana mama ntilie hulipaka kwenye nyama ya mbuzi mzee. Dawa ni moto: chemsha vipande vya nanasi dakika chache, acha vipoe kabisa, ndipo uvipange. Tulifanya hivyo, uchungu ukaisha. Muuza mtindi hajaombwa radhi.

Ukumbini matabaka yalisimama vizuri ajabu. MC akamwita baba mzazi, akampa binti uma, kwa kuwa keki hulishwa kwa uma. Mtindi na uma havipatani. Mtindi ulikwenda kwenye suti, na kamera haikukosa hata tone.

Meza ya wachimbaji ndiyo iliyonimaliza. Waliinua glasi, wakamulika kwa tochi za simu, wakashauriana. Huku juu kifusi, wakakubaliana. Mali iko chini. Hakuna aliyeonja nanasi. Walishusha vijiko wima hadi kwenye uwele na karanga, wakavitoa vimejaa, kuta za mtindi zikiwa bado zimesimama pande zote. Kisha zikaporomoka.

"Duara limetitia!" mmoja akapiga kelele, na meza nzima ikaweka vijiko chini kwa sekunde kadhaa kabla ya kuendelea.

Mjomba alimaliza glasi yake, akasema kitu ni kizuri, ila kesho nimwekee kwenye sahani apate kukiona vizuri. Kama nawe una mzee wako aliyekatazwa keki, mtengenezee. Chemsha nanasi, ficha asali, na ukikodi glasi chagua zenye kitako kinene. Wenye ukumbi bado wananidai zile zilizotobolewa na watu waliodhani chini ya karanga kuna mwamba mwingine.