Grupu Lenye Nidhamu: Mwongozo wa Admini Mzoefu

Mimi ni admini. Sikuchaguliwa, wala hakuna aliyeniomba. Jioni moja ya mwaka 2019, siku tuliyomaliza arobaini ya babu kule Muheza, shangazi alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwapigia watu simu mmoja mmoja, kwamba ingefaa tuwe na mahali pa kujuliana hali. Kabla hajamaliza chai yake nilikuwa nimeshafungua grupu la WhatsApp, nimelipa jina la Ukoo Wetu Fahari Yetu (Rasmi), nimeweka picha ya simba na nimeingiza watu 143. Hilo neno "Rasmi" msilichukulie kwa wepesi. Ukoo usio rasmi ni watu tu wanaofanana pua.

Wenye magrupu yao wamekuwa wakiniuliza siri ya kuwaweka ndugu pamoja na kukuza mazungumzo yenye maana. Nimeona si vizuri kufa nayo.

Anza kwa kutopiga hodi. Nyumbani mgeni husimama mlangoni, akabisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka bila kinyongo. Hayo ni ya nyumbani. Kwenye grupu unashika simu, unapitia majina yote uliyohifadhi, unawaingiza, halafu unaandika "Karibuni sana" kana kwamba wamekuja kwa miguu yao. Katika kuwaingiza watu nilimchukua pia fundi bomba, kwa kuwa nilikuwa nimemhifadhi kwa jina la Mjomba Bomba. Yumo hadi leo. Mwaka wa pili alichangia harusi.

Kuhusu idadi, usisikilize wataalamu. Yupo mwanaanthropolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, ambaye tangu 1992 anashikilia kwamba binadamu ana nafasi kichwani ya kufahamiana kwa dhati na watu kama 150 hivi. Sisi tulikuwa 143, maana yake tulikuwa tumekaribia kufahamiana. Kwa bahati nzuri wenye WhatsApp hawakumjali: grupu lililokuwa na kikomo cha watu 256 liliruhusiwa kufika 512 mwaka 2022, na mwaka huohuo haujaisha wakapandisha hadi 1,024. Nikaongeza wakwe.

Wazee wetu walikuwa na kikomo chao, nacho kilikuwa urefu wa baraza. Pita Jaws Corner jioni, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, uone tabu yao. Baraza likijaa, anayechelewa anasimama. Kahawa inamiminwa kikombe kimoja kimoja. Na anayetaka kusema uongo analazimika kuutamka kwa kinywa chake mwenyewe, watu wakimtazama usoni, na baada ya hapo akae palepale amalize kahawa yake. Sijui waliishije.

Asubuhi ni ya salamu. Saa 11 alfajiri andika "Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu", kisha utulie uone adabu ikifanya kazi. Zitakuja marahaba 60 na ushei, moja moja, na kila mwenye kuitikia marahaba naye ana wakubwa wake wa kuamkia, hivyo mto unarudi tena kwenye chanzo. Siku moja binamu yangu aliuliza, katikati ya mafuriko hayo, kama kuna mtu Dar es Salaam anayeweza kwenda kumpokea mama yake kituo cha mabasi. Swali lake lilikaa kati ya marahaba ya 14 na ya 15. Mama alichukua bajaji.

Salamu zikiisha tuma picha ya waridi. Liwe na umande, na pembeni pawe na kikombe kinachofuka mvuke, na maneno ya dhahabu yanayotakia watu wiki yenye baraka. Muheza tunalima machungwa, waridi hatuna habari nalo, na nadhani ndiyo maana linaonekana la heshima.

Sasa tuje kwenye kusambaza, kazi ambayo imewekewa vikwazo kuliko zote. Mwaka 2018 uvumi wa watu wanaoiba watoto ulizagaa kwenye simu za Wahindi kule India, na watu wasio na hatia wakapigwa na raia hadi kufa. WhatsApp wakaanza kubana: ujumbe mmoja usifowadiwe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mkupuo, kwanza India, kisha, Januari 2019, dunia nzima. Aprili 2020 wakakaza tena: ujumbe ambao tayari umezunguka sana upelekwe sehemu moja tu kwa wakati. Hebu fikiria, Aprili 2020, corona imepamba moto, nami ndio nimepokea mseto wa limau, tangawizi na kitunguu saumu ambao madaktari walikuwa wakitufichia! WhatsApp walitangaza kwamba jumbe zilizozunguka sana zilipungua kwa asilimia 70. Kwangu hazikupungua. Nilikaa macho hadi saa nane za usiku nikifowadi grupu moja baada ya jingine, kidole kimevimba. Akitokea kijana akauliza habari hii umeitoa wapi, mjibu kwa upole kwamba "nimetuma kama nilivyopokea". Jibu hilo halijawahi kushindwa katika mahakama yoyote ya ukoo.

Watu wazima watumie voisi. Voisi nzuri haipungui dakika saba, huanza na kikohozi, hupitia kwenye mazungumzo na mtu mwingine aliyeko chumbani, na jambo lenyewe hutajwa mwishoni baada ya jogoo kuwika. Tangu 2021 vijana wamepewa uwezo wa kumsikiliza mjomba kwa kasi maradufu, na wengi tangu hapo wanamjua mjomba kama mtangazaji wa mechi ya Simba na Yanga. Wakikutana naye msibani hushangaa kwamba huwa anavuta pumzi.

Lakini undugu wenyewe, mkiniuliza, uko kwenye michango. Hapa nitakaa kidogo.

Harusi ikitangazwa, mhazini hubandika orodha ya ahadi. Namba, jina, kiasi, na tiki ya kijani kwa aliyelipa. Utaratibu wetu ni kwamba kila anayeahidi au kulipa hunakili orodha nzima, hurekebisha mstari wake, na kuibandika upya, ili wenzake 140 na ushei waisome tena kuanzia juu. Ndugu wawili wakinakili katika dakika moja, ukoo hugawanyika pande mbili. Kwenye orodha ya kwanza mjomba wa Korogwe amelipa 100,000. Kwenye ya pili ameahidi tu. Kwenye ya tatu, iliyobandikwa na mtu aliyelala mchana akaamkia ya juzi, hayupo kabisa, na nafasi yake ya 37 imeshikwa na fundi bomba. Mjomba alichukia. Ili kuthibitisha akatuma picha ya ujumbe wake wa M-Pesa, tarehe, kiasi, kila kitu. Ujumbe ule, kama mjuavyo, humalizia kwa kutaja salio. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyofahamu kwamba mjomba alikuwa na uwezo wa kuchangia zaidi, na mazungumzo yalikuwa na maana kweli kwa siku mbili.

Usimtaje asiyelipa kwa jina. Mweke kwenye orodha mpya yenye kichwa "Tunaosubiriana kwa Upendo".

Kwa misiba, kanuni ni kasi. Usisome tangazo, soma aliyetangulia kuandika, kisha nakili alichoandika. Baba mdogo alipolazwa, mwanawe alituandikia kwamba leo baba ametoka hospitali, tumshukuru Mungu. Wa kwanza kuandika, sijui aliona nini, akaomba roho yake ilazwe mahali pema. Wakafuata 33. Mmoja akauliza maziko ni saa ngapi. Baba mdogo mwenyewe yumo humo. Alituma stika ya shukrani, na wawili wakampa pole ya kufiwa.

Wapo wanaojitoa. Vijana husema "kalefti", kwa sauti ileile ambayo sisi tulisema fulani katoroka shule. Zamani kila mtu aliona mstari ule mdogo na haya ilisaidia kuwashikilia watu. Mwaka 2022 WhatsApp wakaharibu: sasa mtu anachomoka kimyakimya, na anayejulishwa ni admini peke yake. Nimeziba pengo hilo kwa mikono yangu. Kila akijitoa mtu, nauliza grupu zima, "Jamani, mama fulani tumemkosea nini?" na kumrudisha. Mmoja nimemrudisha mara tisa. Huo ndio uvumilivu wa undugu. Walionyamazisha mlio wa grupu sina njia ya kuwajua, ila nawaombea.

Nimebakiza la hatari, nalo nalieleza ili lisiwakute.

Usiku mmoja wa Alhamisi, mpwa wangu aliyeko Muscat, mtu ambaye kwa miaka minne hajawahi kuandika zaidi ya "Amina", aliuliza: "Hivi ule mfenesi wa bibi, ule wa upande wa jikoni, bado upo?"

Hapakuwa na salamu ya pamoja. Hapakuwa na waridi. Swali tupu, kama mtu aliyeingia na viatu. Nilianza kumwandikia kumkumbusha taratibu zetu, lakini kabla sijatuma mama mdogo alishamjibu kwamba ulikatwa baada ya mvua za El Niño, mwaka 1998. Mwingine akasema hapana, uliokatwa ni wa kwa jirani. Wa tatu akauliza kama wanakumbuka fenesi lililoangukia bati usiku, wote wakadhani ni mwizi, babu akatoka na panga na shuka. Wakatokea watu niliodhani wamebadilisha namba. Mmoja alitafuta kabatini akatupigia picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, kingo zimeliwa na mchwa. Fundi bomba akauliza huyu mtoto aliyekumbatia fenesi ni nani, akajibiwa na watu 12.

Shangazi, ambaye kwa kawaida hutuma stika tu, akatuma voisi. Ya sekunde 40! Akasema bibi alikuwa anaficha pesa ya ada kwenye mkebe, chini ya mizizi ya mti ule, na wakati fulani ilipotea sumni, yeye akachapwa.

Kwa dakika kadhaa hakuna aliyeandika. Nilidhani bando zimewaishia. Kisha mjomba wa Korogwe akaandika: "Ile sumni nilichukua mimi, dada."

Shangazi akajibu: "Nilijua."

Wakaendelea hadi usiku wa manane, wakiulizana kwa majina. Mguu wako unaendeleaje. Mtoto alipata shule. Nitapita kwako Jumapili, usipike. Hakuna aliyenakili orodha. Ijumaa asubuhi nilituma waridi kubwa kuliko yote niliyowahi kutuma, lenye umande unaocheza, na likapita kati yao kama muuza karanga kwenye basi lililojaa. Si mmoja aliyeitikia.

Nilifanya ambacho admini yeyote angefanya. Kuna sehemu kwenye mipangilio inayoruhusu admini pekee kutuma ujumbe. Niliibonyeza. Nikaandika kwamba grupu limefungwa kwa muda ili kurejesha nidhamu, na kwamba mwenye swali kuhusu miti aniletee mimi, nitalichuja.

Tangu hapo grupu limetulia. Kila alfajiri naamkia, kila asubuhi natuma waridi, na tiki za bluu zinajitokeza taratibu, jambo linaloonyesha wazi kwamba mazungumzo yanaendelea.

Ila juzi, kwenye kikao cha harusi, nilimkuta shangazi amekaa pembeni anaicheka simu yake hadi machozi. Nilichungulia. Lilikuwa grupu nisilolijua, linaitwa Mfenesini, na mahali pa picha ya simba wameweka picha ya bati lenye bonde. Fundi bomba yumo. Nilimwomba shangazi, kwa heshima zote, aniunganishe, nikaongeza kwamba naweza kuwasaidia na utaratibu. Alifuta macho kwa ncha ya khanga, akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Mwanangu, limejaa."

Nilihesabu. Wapo 19.