Masaibu ya Kutambua Boleti Milimani Taita

Boleti ni uyoga wa porini ambao chini ya kofia yake hauna vibamba vyembamba kama ule wa dukani, bali una tabaka laini la vitundu, na ni humo ambamo spora, yaani chembe ndogo mno zinazoeneza kizazi cha kuvu, hukomaa na kudondoka. Maelezo haya ni mepesi kiasi kwamba aliyeyasoma mara moja hujihesabu mtaalamu, na masaibu yake huanzia hapo.

Kosa la kwanza hufanyika Voi. Mji huo umekaa kwenye nyika kavu jirani na Tsavo, ambako mvua zikinyesha uyoga unaosifika ni ule wa vichuguu, unaolimwa na mchwa ndani ya makao yao, na ambao wenyeji huutambua bila kufungua kitabu. Mtafutaji wa boleti anayezunguka vichuguu hivyo akifunua kofia huambulia vibamba, miiba, na wachungaji wanaouliza kwa huruma amepoteza nini. Boleti wengi huishi kwa ubia na mizizi ya miti maalumu: nyuzi za kuvu huizingira mizizi hiyo na kuuletea mti maji na madini, nao mti hulipa kwa sukari. Nchini Tanzania washirika wa namna hiyo ni miti ya miombo. Taita, mshirika wa kutegemewa ni msonobari uliopandwa kandokando ya misitu ya asili kama Ngangao. Kusini mwa Sahara hakuna msonobari wa asili, na miche iliyoletwa katika sehemu nyingi za Afrika ilidumaa hadi ilipopelekewa udongo wenye kuvu wake, kwa hiyo boleti wa jenasi ya Suillus ni mgeni aliyekuja akifuata mgeni mwenzake. Anayetaka kumtambua sharti kwanza atazame juu auone mti, jambo ambalo aliyeinamia ardhi asubuhi nzima hulikumbuka tawi linapomgonga utosini.

Halafu kuna ute. Kofia ya Suillus mbichi hufunikwa na ute mzito, na kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, mwokotaji hutumia mfuko wa kaki, ambao hulowa kimyakimya katika kona za kushuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate, mpaka kitako kinapoachia na ushahidi wote kubingirika chini ya viti vya matatu. Makanga, ambaye hakuombwa maoni, hutangaza kuwa hiyo ni sumu. Abiria wa nyuma hushauri uyoga uchemshwe na kitunguu, kwamba kitunguu kikibadilika rangi basi unaua. Kipimo hicho hakina msingi wowote, na anayekiamini anacheza na ini lake. Hata rangi ya buluu inayojitokeza boleti fulani wakikatwa haithibitishi sumu wala usalama, kwani ni kemikali za mnofu wake tu zinazokutana na oksijeni.

Vitabu navyo havisaidii kama inavyotarajiwa, kwa kuwa vingi viliandikwa kwa ajili ya misitu ya Ulaya, na msomaji mwenye hamu humpa uyoga wa Taita jina la binamu yake wa huko kabla hajamaliza ukurasa. Kitabu cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania, kilichotoka mwaka 2003, kiko karibu zaidi na nyumbani, ingawa hata hicho hakimshawishi mwenye jiko. Yeye huutazama uyoga usio na vibamba, akautazama ule ute, kisha akasema, "Pika, mwanangu, lakini si kwa sufuria yangu." Kitaalamu, huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyotolewa siku hiyo.

Hubaki alama ya spora, ambayo hupatikana kwa kukata shina, kulaza kofia juu ya karatasi nyeupe na kuifunika kwa bakuli usiku kucha. Kofia iliyochelewa kuokotwa huwa tayari imepangishwa na mabuu ya nzi, ambao hutoka usiku huohuo kuikagua meza. Asubuhi, ikiwa bahati ipo, karatasi huwa na duara la rangi ya mdalasini, linaloafikiana vizuri na Suillus. Na upande wake wa pili huwa na risiti ya kodi ya nyumba, ambayo mwenye nyumba amekuja kuiulizia.