Saloni ya Majenta

Jirani, usiniulize. Ukipita huku Kalundu, Uvira, ukaona mlango wazi na ndani giza mchana kweupe, ujue ndiko kwangu. Si umeme. Ni rangi.

Mama watoto aliiona kwenye simu, akaitaka saloni kwetu. Majenta. Si ile inayong'aa ya kitenge, hapana. Nzito, imepoa, kama ganda la kitunguu chekundu. Kumbe kampuni ya Pantone ya Marekani ilishatangaza majenta rangi ya mwaka 2023. Habari ndiyo kwanza inatia nanga bandarini kwetu.

Nikaenda dukani. Wana nyeupe, nyeusi, krimu, nyekundu na bluu ya milango. Basi. Nikatoa simu. Kioo kimepasuka, muuzaji akaona kijani. "Papa, hiyo ni ya duka la dawa?" Mtoto wa shemeji, msomi wa fizikia, akadakia: hata kwenye upinde wa mvua haimo, eti ubongo ndio unaitunga jicho likipokea nyekundu na bluu pamoja. Sasa Mungu hakuiweka mbinguni, mimi niipate soko la Uvira?

Ikabidi kuchanganya. Nyekundu, bluu kidogo, nyeusi tone moja ili ipoe. Bidoni ya kwanza ikatoka safi kabisa, ikaishia nyuma ya kabati. Iliyofuata ikatoka kahawia. Kuta zangu hazisalimiani. Fundi wa rangi akasema, "Patron, zikikauka zitafanana." Zimekauka. Hapo ndipo ananiambia ilifaa kuchanganya yote mara moja kwenye pipa. Pesa iko mfukoni mwake.

Na ziwa nalo! Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda ikaingia nyumba za watu. Maji yalirudi, unyevu ukabaki kwenye matofali. Chumvi nyeupe inatoka chini ya ukuta, rangi inavimba, inabanduka. Chokaa ya zamani inanichungulia. Mtoto anasaidia kubandua kwa ukucha. Nikimkemea, anasema anatafuta ile nzuri.

Usiku ndio usiseme. Ukuta unakunywa mwanga wote wa ampuli. Natafuta kijiko, nashika kitana.

Juzi boti ilipakua, wabeba mizigo wawili wakaingia, wakaketi kwenye viti vyangu, wakaagiza bia ya Primus na samaki mikeke wa kuchoma. Nikawaambia hii ni nyumba ya mtu, si nganda. Wakatazama ukuta. Wakanitazama. "Basi lete Primus peke yake." Mama watoto akawapa maji. Wakalalamika hayana baridi.

Ndugu yangu wa kando ya ziwa, sikiliza. Ukuta ukauke kwanza. Rangi yote ichanganywe siku moja. Upake ukuta mmoja tu, ule unaopata mwanga wa dirisha, kwingine piga chokaa. Na kama unajenga, nina nusu bidoni ya ile ya kahawia. Bure. Njoo na chombo chako, mama watoto akiwa sokoni.