Jinsi ya Kulinda Vazi la Asili Bila Kulijua

Kila harusi ya pwani ina mlinzi wake wa mila. Hukaa karibu na masufuria ya pilau, huwatazama vijana wanaopita, hutikisa kichwa, kisha husema: "Mavazi ya wazee wetu yalikuwa na heshima." Kazi hii haina mshahara, lakini ina kiti cha mbele na nyama ya kuongezewa. Ukiitaka, ndugu yangu, nifuate.

1. Usitaje mwaka

Sema "zamani", unyamaze. Ukisema 1850, msomi mmoja atakuuliza Unguja ya mwaka huo ilivaa nini. Hapo itabidi useme merikani, ile nguo nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na nguo yenyewe ikaishia viunoni mwa watumwa wa Unguja. Kisha mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wao kwa wao, merikani ikaadimika, na nguo za Bombay zikaingia sokoni. Vazi la asili linalopanda bei kwa sababu ya vita vya Virginia ni gumu kulitetea mbele ya wakwe.

2. Jichagulie babu

Usione haya, wenzako wote wamekwisha kuchagua. Kaa barazani usikilize: babu wa kila mtu alivaa kanzu na joho, na jambia kiunoni. Aliyembebea huyo bwana mizigo hakuacha mjukuu hata mmoja! Ukweli ni kwamba kofia na viatu vilikuwa alama ya muungwana. Mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu, na mwanamke mtumwa alijifunga merikani au kaniki. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, kofia ikawa ya yeyote mwenye senti za kuinunua, na walionunua walikuwa wengi. Kama babu yako alikuwa miongoni mwao, muombee dua. Alifanya haya haya ninayokufundisha, tena bila mwalimu.

3. Kanga iguse kwa ncha ya kidole

Sifia rangi, sifia pindo, pita. Ukikawia, atatokea shangazi anayejua kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mraba zilizochapwa kwenye jora, wakaunga vipande sita kuwa nguo moja, hadi wafanyabiashara walipoona faida na kuagiza ichapwe nzima. Na ilichapwa wapi? India, Uingereza, Uholanzi, baadaye Japani. Jibu lako ni moja: "Lakini maneno ni yetu, shangazi." Ni jibu la kweli. Usingoje swali la pili, maana kanga za mwanzo hazikuwa na neno hata moja.

4. Buibui

Hapa ndipo utang'ara, kwa kuwa kila mtu anaamini kuwa buibui lilikuwapo tangu Nuhu. Lilienea pwani mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, mabibi wakubwa wa Lamu na Mombasa walitoka ndani ya shiraa, hema la nguo lililoinuliwa na watumwa wakitembea nalo. Watumwa walipopata uhuru, hema likakosa wachukuzi. Likaja buibui, jeusi, la aina moja kwa wote. Binti wa jumba kubwa na mjukuu wa mtumwa wakipita mbele yako, ukiwatazama mgongoni huwezi kuapa yupi ni yupi. Mimi niliyezeeka katika njia za mkato sijaona iliyo safi kuliko hiyo.

Siku hizi abaya za Dubai zimelisukuma buibui kabatini, na akina bibi wanalalamika. Andika malalamiko yao neno kwa neno. Miaka thelathini ijayo utayahitaji kuitetea abaya.

5. Usiombe kuona albamu

Wazee wenzako watakuunga mkono kuhusu sketi za siku hizi, ila picha zao ziache zilipo. Vijana wa TANU walipoanzisha Operesheni Vijana mwishoni mwa miaka ya 1960, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, walikuwapo waliokamata na waliokimbia, na wote sasa ni wazee wenye heshima. Waliofuata walivaa suruali za bugaluu zinazofagia barabara, juu ya viatu vya raizoni. Mmoja wao huenda ndiye anayekupakulia pilau.

6. Wewe mwenyewe uvae nini

Kanzu azima. Methali ya nguo ya kuazima waachie walionunua. Kofia nunua ya mashine, maana ya mkono inataka subira ya mshonaji na mfuko wa mnunuzi. Ifue mara kadhaa ilegee, kisha sema ni ya marehemu babu, yule uliyemchagua hatua ya pili. Ndani vaa fulana yoyote ya mtumba, ila kagua maandishi ya kifuani kabla hujatoka, kwani kanzu nyeupe huonyesha.

Na akitokea bibi akasema kwa sauti kwamba yeye mwaka 1968 alivaa mini na ilimkaa vizuri, usibishane naye. Mwambie, "Shikamoo bibi, bado inaonekana," kisha nyanyuka ukaulize kama kuna ukoko uliobaki.