Sifa za Gari la Kukodi la Kasulu

Gari la kukodi, kama linavyofahamika katika nyanda za juu za Kigoma, ni gari dogo lililotengenezwa Japani, likatumika huko hadi wenyewe wakalichoka, likauzwa mnadani, likavuka bahari mpaka Dar es Salaam, na mwishowe likafika Kasulu au Kibondo, ambako humilikiwa na mtu mmoja, huendeshwa na wa pili na husemewa na wa tatu, aitwaye dalali. Aina inayotawala ni Toyota Probox, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2002 kama gari la kazi la makampuni, na ambayo magharibi mwa Tanzania huingizwa katika kundi la michomoko, yaani magari madogo yanayobeba abiria wa vijijini kwa idadi ambayo mtengenezaji hakuitaja popote. Gari hili limetukanwa mno na watu waliokuwa na haraka. Haki inadai kwamba lisifiwe na mtu aliyetulia, na kwamba sifa zake zikusanywe mahali pamoja kwa faida ya yeyote anayekusudia kupanga safari ya kutoka Kasulu kwenda Rungwe Mpya na kutokea Kibondo.

Fadhila zake ndogo zinaweza kupitiwa kwa haraka. Gari hili hudumisha ujirani, kwa kuwa asubuhi haliwaki bila kusukumwa, na kusukuma kunahitaji watu wanne ambao pengine siku hiyo wasingesalimiana. Huondoa majivuno, maana mtendaji wa kijiji na mwanafunzi hushuka wakiwa na rangi moja, nayo ni ya vumbi la Buha, nchi ya Waha. Hupunguza umbea, kwa sababu ekzosi iliyotoboka haimruhusu mtu kumsengenya mwenzake bila kupiga kelele, na umbea wa kupiga kelele hauna ladha. Shokapu zake, ambazo ni vifaa vya kupunguza mtikisiko na ambazo katika gari hili zimebaki kwa jina, humjulisha msafiri kila kalavati na kila jiwe kwa undani ambao mpima ardhi angeuonea wivu.

Fadhila inayostahili kuchambuliwa kwa kina ni uaminifu. Gari hili halijakubali kamwe kwamba limeondoka Japani. Ufunguo ukizungushwa, sauti ya mwanamke hutoka ndani ya dashibodi na kueleza, kwa Kijapani fasaha na kwa adabu isiyopungua, kwamba kadi haijaingizwa. Kadi inayotajwa ni ya ETC, mfumo wa kulipia barabara za kasi kwa mawimbi ya redio bila gari kusimama, ambao ulianza kutumiwa na umma wa Japani mwaka 2001. Katika njia za Rungwe Mpya hakuna barabara ya kasi, na kizuizi kinachoweza kukutwa ni kamba ya ushuru wa mazao, ambayo haina haja na kadi. Hata hivyo mama huyu hajakata tamaa. Kila asubuhi, baada ya kusukumwa, yeye huanza upya, bila lawama, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Madereva wanatofautiana kuhusu ujumbe wake: wapo wanaoshikilia kwamba anawatakia abiria safari njema, wapo wanaosema anakumbusha mikanda, na wapo wazee wa vijijini ambao, kwa malezi mema waliyopata, humwitikia.

Uaminifu huohuo unadhihirika katika kioo cha ramani kilichopo katikati ya dashibodi. Ramani iliyohifadhiwa humo ni ya Japani peke yake, kwani mtengenezaji hakuona sababu ya kuweka nchi nyingine, hivyo gari linapopita Makere, huku upande mmoja kukiwa na mihogo na upande mwingine mchanga wa mkandarasi wa barabara, kioo huendelea kuonyesha kwa rangi safi mji fulani wa pwani wenye stesheni ya treni, na alama ya gari ikiwa imetulia baharini. Ikitokea betri ikafunguliwa na fundi, kioo hufunga na kudai namba ya siri kwa herufi za Kijapani, na tangu siku hiyo hakisemi tena na mtu. Redio nayo haijasaliti. Masafa ya FM nchini Japani yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, kabla ya kusogezwa baadaye hadi 95, ilhali stesheni za Tanzania zimepangwa kuanzia takriban 88 kwenda 108, kwa hiyo redio ya gari la zamani hunasa kipande chembamba cha mwanzo wa matangazo ya taifa, na mahali pengine pote hupokea mvumo ambao, nani ajuaye, unaweza kuwa Tokyo ikisikika kwa mbali.

Ushahidi huu ukiunganishwa, mtafiti hana budi kukiri kwamba mtu anayekodi gari Kasulu anafanya ziara ya Japani ya mashambani, na anaifanya bila pasipoti. Mgeni anayefanya ziara hiyo Japani kwenyewe huchukua gari kwenye duka lililo karibu na stesheni, huonyesha leseni ya kimataifa inayotambuliwa kwa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, hupewa gari ambalo namba yake ina herufi maalumu ya magari ya kukodi, kisha huandika namba ya simu ya nyumba ya wageni katika kioo cha ramani, na kioo humpeleka hadi mlangoni. Njiani husimama kwenye vituo viitwavyo michi no eki, ambavyo vilianza kusajiliwa rasmi mwaka 1993 na ambavyo huwa na maegesho, vyoo na mboga za wakulima wa jirani. Msafiri wa Rungwe Mpya hupata hayo yote kwa ukarimu zaidi. Namba ya simu ya mwenyeji wake huiandika katika simu, humpigia, naye humwelekeza kwamba wakifika penye mwembe waulize. Ndizi, parachichi na asali humfuata dirishani kabla gari halijasimama sawasawa, kwani breki zake huchukua muda kukubaliana na mguu wa dereva. Choo ni pori, ambalo halifungwi usiku wala halidai sarafu.

Kuna uthibitisho mmoja zaidi, na bahati mbaya unaharibu furaha ya utafiti huu. Juu ya kioo cha mbele cha baadhi ya magari haya hubaki kibandiko kidogo cha mraba chenye tarakimu za mwaka wa enzi ya Heisei, kalenda ya kifalme iliyoanza mwaka 1989 na kukoma 2019. Tarakimu 24, kwa mfano, ni mwaka 2012. Kibandiko hicho ni cha shaken, ukaguzi wa lazima wa magari, ambao kwa gari jipya la abiria hufanywa baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, na kwa magari madogo ya mizigo, ambamo Probox nyingi huhesabiwa, hufanywa kila mwaka baada ya miwili ya kwanza. Hukaguliwa breki, taa, moshi, usawa wa magurudumu na hata ukweli wa kipimo cha mwendo. Gari likizeeka, gharama ya kulifanya lifaulu hukaribia au hupita thamani yake, na mwenyewe huona nafuu kuliuza nje. Maana yake ni kwamba gari la Kasulu halikuja kwa sababu Wajapani ni wakarimu. Lilikuja kwa sababu huko kulikuwa na mtu aliyechuchumaa chini yake na tochi akasema hapana. Kenya hulikataa gari lililozidi miaka minane; Tanzania hulipokea na kulitoza ushuru wa ziada kwa uzee wake, kana kwamba uzee huponywa na stakabadhi.

Hapa maelezo ya kitaalamu hayana budi kusimama kidogo, maana haiwezekani kuandika kwa utulivu kuhusu breki. Breki si mapambo. Mtu anayempa mwenzake gari lisilo na breki, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, wakati wa mvua zinazoanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Mei, na kumwambia "Bosi, gari liko fiti, wewe usiwe unakanyaga kwa ghafla," hajakodisha gari, amekodisha msiba.

Tukirejea kwenye sifa, ni lazima ielezwe namna gari linavyopatikana. Mteja haonani na mwenye gari. Huonana na dalali, ambaye hana gari lakini ana namba za simu za watu wote wenye magari, na ambaye hupanga bei kwa kutazama kwanza viatu vya mteja na kisha shingo yake. Shingo ndiyo muhimu. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na baadaye Nduta upande wa Kibondo, wilaya hizi zimezoea watu wa mashirika wenye vitambulisho vilivyoning'inia shingoni, wanaosafiri kwa Land Cruiser nyeupe na kulipa kwa bajeti iliyopitishwa mahali pengine. Mkulima wa maharage anayetaka kumpeleka mama yake hospitali hukuta bei hiyo ikimsubiri, japokuwa shingo yake ni tupu, kwa kuwa dalali akishazoea kuhesabu kwa lugha ya mashirika huona shida kurudi kuhesabu kwa lugha ya debe. Mafuta ni juu ya mteja. Chakula cha dereva ni juu ya mteja. Pancha ni juu ya mteja, ingawa tairi lilifika likiwa kipara, na spea, endapo ipo, ina pancha iliyoachwa na mteja aliyetangulia, ambaye naye bila shaka aliilipia.

Kisha huja karatasi. Ni mkataba wa ukurasa mmoja, uliotolewa fotokopi mara nyingi hadi maneno yamefifia, isipokuwa sentensi moja inayosomeka vizuri, isemayo kwamba gari limekabidhiwa likiwa zima. Likiwa zima! Taa moja haiwaki, mlango wa nyuma hufunguliwa kwa kuingiza mkono dirishani, honi hulia usukani unapokatwa kulia, na chini ya maneno hayo mtu mzima huweka sahihi kwa sababu saa imekwenda na mgonjwa yuko nyumbani. Ikumbukwe pia kwamba sheria ya Tanzania hutofautisha magari kwa rangi ya vibao vya namba, njano vikiwa vya magari binafsi na vyeupe vya magari ya biashara, na kwamba sehemu kubwa ya magari ya kukodi ni ya njano. Kwa hiyo, likisimamishwa na trafiki, mteja hugeuka ghafla kuwa shemeji wa mwenye gari. Wapo watu Kasulu ambao, kwa hesabu hiyo, wana mashemeji wengi kuliko chifu yeyote wa Buha aliyepata kutawazwa.

Likisimamishwa hukaguliwa nini? Kizimamoto na stika yake, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, ambayo kwa kanuni hutolewa baada ya gari kukaguliwa. Kila pungufu ni kosa, na faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, anayeitoa akiwa ni mteja. Mwenye gari makini huhakikisha vitu hivyo havikosekani, na pesa ambayo ingenunua pedi za breki huishia kioo cha mbele. Hivyo gari lililokataliwa na nchi inayokagua vyuma huishi kwa amani katika nchi inayosoma vibandiko, na kile cha Heisei hubaki juu yake kama cheti cha shule ambayo lilifukuzwa.

Barabara haiwezi kusahauliwa, kwani hutajwa na kila mtu anayeulizwa kwa nini gari limeharibika. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, kina lami, na mradi wa kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi, ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika baada ya watu wa Kigoma kuahidiwa lami kwa muda mrefu kiasi kwamba ahadi yenyewe ilianza kuota nyasi. Lami hiyo ni neema ya kweli. Lakini neema huishia njia panda; anayekata kona kuingia njia za vijiji hukuta makorongo yaleyale, na mvua ya kwanza huwakumbusha wahusika kwamba greda lilipaswa kupita kabla yake. Kwa upande mwingine, mwenye gari huihitaji barabara mbaya kuliko anavyokiri, maana ikitengenezwa yote itabidi atafute kisingizio kingine.

Katika mlolongo huu wote, wa mnada, ushuru, dalali, karatasi, stika na greda, ni gari peke yake linalofanya kazi iliyotajwa. Limebeba watu tisa, magunia mawili na kuku, limevuka maji ambayo halikuumbiwa, limefika Rungwe Mpya na kurudi, na mama wa dashibodi hakuongeza neno. Linaporudishwa, jioni, mwenye gari hutokea kwa mara ya kwanza. Huliegesha penye mwanga, huwasha tochi ya simu, huchuchumaa, hupapasa bampa kwa kidole, hufungua buti na kuhesabu spana, hunusa oili, husoma kipimo cha mafuta kwa jicho moja, na huzunguka tena kwa upande wa pili. Na baada ya ukaguzi huo, ambao mkaguzi wa Japani asingeukuta na upungufu, hugundua mkwaruzo wa urefu wa kiberiti karibu na taa ile isiyowaka, na kuukata kwenye dhamana ya mteja.